Mistari inapinda, rangi zinavuja: kutafuta chanzo unapochora PCB kwenye monita iliyopinda

Malalamiko ninayoyasikia kuhusu monita zilizopinda kwenye kazi ya kuchora bodi za saketi (PCB) huanza kwa maneno yaleyale: huu mpindo unaniharibia kazi. Nikikaa mbele ya monita yenyewe, mara nyingi nakuta mpindo hauna kosa. Kosa liko kwenye kebo, kwenye meza, kwenye miwani, au kwenye rangi za matabaka. Yapo matatizo machache ambayo kweli yanazaliwa na mpindo, na hayo yana namna yake ya kujitambulisha. Ukijua kuyatenga, utaacha kuuza monita nzima kwa bei ya hasara kwa sababu ya kebo.

Jambo moja liwe wazi kwanza, maana nimeona watu wakikosa usingizi bure: mpindo wa kioo hauingii kwenye bodi. KiCad, programu ya kuchorea bodi, huhifadhi vipimo vya bodi kwa nanomita, na faili la Gerber unalotuma kiwandani ni orodha ya namba. Njia ya shaba iliyoonekana imepinda mezani kwako itatoka kiwandani Shenzhen, China, imenyooka kama ulivyoiandika. Kinachoharibika ni uamuzi wa jicho lako: kuona kama konekta zimekaa sawa, kama nafasi kati ya njia ni moja, kama maandishi yamelingana. Na mwili wako, ambao unakaa mbele ya kioo hicho saa nane kwa siku.

Bodi ya majaribio

Anzisha faili jipya la bodi kwa ajili ya kupimia monita tu. Kwenye tabaka la mipaka chora mraba wa milimita 100 kwa 100, na ndani yake duara la kipenyo cha milimita 80. Kisha pitisha njia tatu zilizolala, kila moja upana wa milimita 0.15: ya kwanza kwenye tabaka la juu la shaba, ya pili kwenye tabaka la chini, ya tatu kwenye tabaka la maandishi ulilolipa rangi nyeupe. Ziachanishe kwa milimita 0.15, urudie mara tano au sita mpaka upate kizulia cha mistari myekundu, ya buluu na myeupe. Mwisho, washa kielekezi cha msalaba mzima, ule unaotoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia na wa juu hadi wa chini.

Ni kazi ya dakika kumi. Mimi ninayo kwenye flashi, na nikiitwa kuangalia monita ya mtu huifungua kwanza kabla ya kuuliza swali lolote.

Mistari iliyolala inaonekana imepinda

Hii ndiyo dalili ya mpindo wenyewe. Ukipanga safu ya konekta juu ya skrini, inaonekana kama imeinua ncha zake. Ukiipanga chini, ncha zinaonekana zimeshuka. Katikati pako sawa.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi, 1000R, 1500R, 1800R au 3800R, ni nusu kipenyo, kwa milimita, cha duara ambalo kioo kimefuata tao lake. Namba ikiwa ndogo, mpindo ni mkali. Kwenye monita ya inchi 34 yenye umbo la 21:9, ambayo upana wake ni karibu sentimita 80, mpindo wa 1500R huleta kingo mbili mbele kwa sentimita 5 hivi kuliko katikati. Kwa 1800R ni sentimita 4 na ushee, kwa 1000R ni karibu 8. Sasa kaa sentimita 70 kutoka katikati ya kioo cha 1500R. Kingo ziko mbele zaidi, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Mstari ulio juu ya usawa wa jicho unakuzwa kwenda juu kwenye ncha zake, ulio chini unakuzwa kwenda chini. Nimelipigia hesabu: mstari ulio ukingo wa juu kabisa, macho yakiwa usawa wa katikati ya kioo, unaonekana kama umeinua ncha kwa zaidi kidogo ya sentimita 1. Ndiyo maana mtu mwenye jicho la kuchora huona haraka kuwa kuna kitu hakijakaa sawa.

Hakikisha mwenyewe. Fumba jicho moja, tuliza kichwa, sogeza msalaba polepole kutoka juu kwenda chini. Mstari uliolala utaanza kama dau lililotazamwa ubavuni, omo na tezi juu. Utashuka, utanyooka, halafu utainamisha ncha kama dau lililofudikizwa. Pale uliponyooka ndipo usawa wa jicho lako ulipo. Fanya jaribio hili mara moja tu na hutashangazwa tena na konekta za ukingo wa juu.

Dawa ni kupandisha au kushusha monita mpaka pale panaponyooka pawe ndipo unapofanyia kazi. Ushauri wa kawaida wa ofisini unasema ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Kwa kazi ya PCB kwenye kioo kilichopinda sikubaliani nao kabisa, kwa sababu unapeleka eneo lililonyooka kwenye pau za zana ambako hakuna njia hata moja. Napendelea macho yaangukie theluthi ya juu ya kioo. Lakini ukiona shingo inaanza kukakamaa, isikilize shingo kwanza, uishushe monita. Angalia pia ulalo wa kioo: kikiinamia mbele sana, au kikiwa juu ya meza bila kuinuliwa, macho yako yanakitazama kutoka juu, na kila mstari uliolala utaonekana umeinamisha ncha.

Kurudi nyuma kidogo kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Toka sentimita 60 uende 80 na upindo wa mistari unapungua wazi.

Na mistari iliyosimama? Hiyo haipindi kamwe kwa sababu ya monita. Kioo kimepinda upande mmoja tu, kama ubavu wa pipa la maji, na ukishusha uzi kwenye ubavu wa pipa uzi umenyooka. Kwa hiyo ukiona mistari iliyosimama nayo ina tumbo, vua miwani utazame tena. Miwani yenye nguvu kubwa, na hasa ile isiyo na mstari inayochanganya kusoma na kutazama mbali kwenye lenzi moja, hupindisha picha pembeni mwa lenzi. Monita pana inakulazimisha kutazama kupitia pembeni. Hapo dawa ni kumwomba mtaalamu wa macho miwani ya umbali mmoja, uliopimwa kutoka machoni mpaka kwenye skrini yako. Chukua rula, pima umbali huo, uende nao ukiwa umeandikwa.

Vyovyote iwavyo, usipange konekta kwa jicho. Programu ina amri za kulinganisha na kugawa nafasi sawasawa, na kila komponenti ina kisanduku cha kuandikia viwianishi vyake. Jicho likisema hapana na namba ikisema ndiyo, fuata namba.

Via zimekuwa mayai

Via ni vitundu vya duara vinavyounganisha matabaka ya shaba. Kijana mmoja alinipigia: "Kaka, via zangu zote zimekuwa mayai, na nikikagua vipimo viko sahihi." Nilimwambia afungue mraba wa 100 kwa 100. Ulikuwa mstatili uliolala.

Hapa kompyuta inatuma picha ya 1920×1080, na monita inaivuta ijaze kioo cha 3440×1440. Upana unavutwa kwa asilimia 34 zaidi ya urefu. Nenda kwenye mipangilio ya skrini uchague 3440×1440. Kama haimo kwenye orodha, shuku kebo ya zamani, adapta ya bei rahisi, au draiva ya kadi ya picha ambayo haijawekwa. Wakati unasubiri kebo nyingine, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe uzime kuvuta picha. Utapata mikanda myeusi pembeni, lakini duara litakuwa duara.

Nyekundu na buluu zinavuja, nyeupe iko safi

Hii ndiyo dalili ninayotaka uielewe vizuri, kwa sababu inawaumiza wachoraji wa bodi kuliko mtu mwingine yeyote ofisini. Mhasibu anatumia monita hiyohiyo na haoni tatizo. Wewe unaona njia nyekundu za milimita 0.15 zimeungana na kuwa ukungu, unakuza picha kila dakika, na jioni kichwa kinagonga.

Tazama kile kizulia cha mistari. Punguza ukubwa mpaka kila mstari uwe na unene wa pikseli moja au mbili. Kama mistari myeupe inahesabika lakini myekundu imefifia na ya buluu imekuwa wingu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta haitumi rangi kamili. Kebo au tundu likikosa upana wa kupitisha data, kadi ya picha hubana. Inaacha mwanga wa kila pikseli kama ulivyo, lakini taarifa ya rangi inaigawa: pikseli mbili au nne zinashirikiana rangi moja. Mbinu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya televisheni, na kwenye uso wa mtu huioni. Kwenye mstari mweupe juu ya nyeusi pia huioni, maana tofauti yote iko kwenye mwanga. Buluu tupu inachangia karibu asilimia 7 tu ya mwanga unaohesabiwa, na nyekundu kama asilimia 21. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachoutofautisha mstari wa buluu na giza kiko kwenye rangi, sehemu ileile iliyobanwa. Nasi tumechagua kuchora shaba kwa nyekundu na buluu juu ya giza.

Kuthibitisha, fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, ukurasa wa maelezo ya kina. Pameandikwa muundo wa rangi unaotumwa. Ukisoma RGB, au YCbCr444, rangi ni kamili. Ukisoma YCbCr420 au 422, umepata mgonjwa wako.

Mara nyingi hutokea kwenye monita ya inchi 32 ya 3840×2160 iliyounganishwa na laptopu ya mtumba yenye HDMI 1.4. Tundu hilo linafikisha rangi kamili kwa hetzi 30 tu (picha 30 kwa sekunde), na mtu akilazimisha 60, rangi zinabanwa. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, inapitisha 60 kwa rangi kamili. Kama laptopu ina tundu la USB-C linalotoa picha, au DisplayPort, tumia hilo uiache HDMI. Kama hakuna, fungua programu ya kadi ya picha uchague RGB na biti 8 badala ya 10, ushushe hetzi mpaka ikubali. Nakubali kuwa hetzi 30 inakera mkono. Lakini kwa mtu anayekagua nafasi kati ya njia, picha safi inayosogea kizito ni afadhali kuliko ukungu unaoteleza.

Kama muundo ni RGB na bado kingo za mistari zina utando wa rangi ngeni, angalia maandishi. Herufi zenye kijani upande mmoja na zambarau upande wa pili zinaonyesha kuwa vijipande vya rangi ndani ya pikseli vimepangwa tofauti na kompyuta inavyodhani. Baadhi ya paneli huweka buluu kushoto na nyekundu kulia, na nyingi za aina ya QD-OLED za inchi 34 hupanga rangi tatu kama pembetatu. Endesha ClearType, zana ya Windows ya kurekebisha herufi, chagua sampuli inayokupendeza, na ukishindwa, zima kulainisha herufi kabisa. Rudisha pia ukali wa picha kwenye kiwango cha kati, maana ukizidishwa hutia kila njia kivuli cha bandia.

Hali ya mwisho katika kundi hili haina uhusiano na monita kabisa. Watu wengi wakitazama nyekundu na buluu kali juu ya nyeusi huona rangi moja imesogea mbele na nyingine imezama, kwa sababu lenzi ya jicho haikusanyi rangi hizo mahali pamoja. Katikati kabisa ya jicho, pale tunaposomea, seli za kuona buluu ni chache. Skrini ikiwa kubwa na giza lake likiwa zito, uchovu huo huongezeka. Badilisha rangi ya tabaka la chini, iongezee kijani mpaka ikaribie rangi ya bahari ya kina kifupi, na nyekundu ipeleke kidogo kwenye chungwa. Nilifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita na sijarudi nyuma. Ukizoea rangi zako, zihifadhi kama mandhari na uzichukue kwenye kila kompyuta unayokalia.

Ukiburuza bodi, njia zinaacha kivuli

Monita nyingi zilizopinda zina paneli ya LCD ya aina ya VA. Faida yake ni nyeusi nzito. Kasoro yake ni kuchelewa kutoka nyeusi kwenda rangi za giza, na ukisogeza bodi njia zinavuta mkia kama wino uliopitishwa kidole. Usuli wa kawaida wa KiCad ni buluu iliyokoza karibu na nyeusi, palepale paneli hiyo inapoteseka.

Ufanye usuli uwe kijivu cha giza, kama 45 kwa nyekundu, kijani na buluu, utaona mkia unakatika. Kisha pandisha hetzi kama kebo inaruhusu, na kwenye menyu ya monita weka kasi ya pikseli kiwango cha kati. Kiwango cha juu kabisa huzaa mkia wa kinyume, mweupe, ambao ni mbaya zaidi.

Kingo zimepauka na shingo inauma

Njoo tupime meza. Meza nyingi za seremala zina kina cha sentimita 60. Miguu ya monita iliyopinda imepanuka kama ya kunguru, inakula karibu nusu ya kina hicho, na kingo za kioo zinakuja mbele zaidi. Mtu anajikuta yuko sentimita 45 kutoka kwenye kioo cha inchi 34. Kwa umbali huo, paneli ya VA inapauka kule inakotazamwa kwa mshazari, na shingo inageuka mamia ya mara kwa siku.

Funga mkono wa chuma ukutani au nyuma ya meza. Monita nyingi zina matundu manne ya kiwango cha VESA, milimita 100 kwa 100, lakini soma uzito wa monita kabla ya kununua mkono, kwa sababu pana zina uzito. Kama pesa haipo, ivute meza itoke ukutani na uiweke monita kwenye rafu nyuma yake. Haigharimu kitu.

Halafu panga madirisha upya. Wengi huweka mchoro wa saketi nusu ya kushoto na bodi nusu ya kulia, ikimaanisha kuwa mbele ya pua yako kuna mpaka wa madirisha mawili, na kazi yote iko pembeni. Iweke bodi katikati, ichukue nusu ya upana, mchoro wa saketi ukae robo ya kushoto, na karatasi za data robo ya kulia. Programu ya FancyZones ya Microsoft inakariri mpango huo, hulazimiki kuvuta madirisha kila asubuhi. Ukibofya komponenti kwenye mchoro, KiCad inaiwasha kwenye bodi, kwa hiyo mchoro hauhitaji kuwa mkubwa. Kwenye monita za inchi 49 za 5120×1440, ambazo ni sawa na monita mbili za inchi 27 zilizounganishwa, mpango huu ni wa lazima.

Kioo kinakusanya mwanga

Kioo kilichobonyea kinakusanya mwanga kutoka pande nyingi za chumba, na dirisha moja nyuma yako linageuka mkanda mrefu uliosimama juu ya bodi. Huku pwani, jua la saa tisa alasiri likipita kwenye dirisha la vioo vya kupangana, hutaona tabaka la chini hata ukipandisha mwanga hadi mwisho. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Taa ya bomba la darini nayo isiwe nyuma ya kichwa chako. Hakuna mpangilio wa menyu unaoshinda kugeuza meza.

Skrini inazimika sekunde mbili, kisha inarudi

Kwanza badilisha kebo kwa fupi na nzuri. Monita hizi zinahitaji data nyingi, na kebo ya mita 3 iliyokuwa ikitosha kwa skrini ndogo inaanza kuyumba.

Ikiendelea, fanya jaribio ambalo watu wa elektroniki wanapaswa kulipenda: inuka kwenye kiti, kaa, inuka, kaa, mara kumi. Viti vyenye silinda ya gesi hutoa cheche ndogo ya umeme tuli mtu anapoinuka au kukaa, na wimbi lake hudakwa na kebo ya picha. Skrini ikizimika sambamba na kiti, umepata jibu. Kebo iliyofunikwa vizuri na kipete cha feraiti karibu na plagi husaidia. Kwenye karakana moja niliyokaa, kilichozima skrini kilikuwa bloa ya hewa moto iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na monita. Tuliihamishia soketi nyingine ya ukutani, na shida ikakoma siku hiyohiyo. Angalia pia kama ekstensheni yako ina waya wa ardhi kweli, au ina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu.

Bodi inasogea kwa kusitasita

Skrini ya 3440×1440 ina pikseli karibu milioni 5, dhidi ya milioni 2 za 1920×1080. Kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa inachota kumbukumbu kutoka kwenye RAM ya kompyuta, na kama laptopu ina kijiti kimoja tu cha RAM, mlango ni mwembamba. Kuongeza kijiti cha pili kinacholingana na cha kwanza kumewasaidia wengi kuliko kununua kompyuta mpya. Kabla ya hapo, kwenye mapendeleo ya KiCad shusha kiwango cha kulainisha kingo, na hakikisha umechagua michoro inayotumia kadi ya picha, siyo ile ya akiba. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi tofauti, chungulia nyuma: kebo imechomekwa kwenye kadi, au kwenye ubao mama?

Anayekaa pembeni anaona kitu kingine

Ukaguzi wa bodi ni kazi ya watu wawili, na hapa monita iliyopinda ina udhaifu wa kweli. Aliye pembeni anauona ukingo wa karibu umepauka na wa mbali umekunjamana, atakuambia pedi (vipande vya shaba vya kulehemia) hazilingani, mtabishana bure. Mpishe akae katikati, wewe usogee. Kama ukaguzi ni wa mtandaoni, mshirikishe dirisha la bodi pekee. Ukimtumia skrini nzima ya 21:9 kwenye laptopu yake, maandishi yatakuwa madogo kama mchanga.

Komponenti halisi hailingani na ya kwenye kioo

Wako wanaoikuza bodi hadi ukubwa halisi, kisha wanaweka komponenti juu ya kioo kulinganisha miguu. Ikigoma kulingana wanalaumu mpindo. Kwa kitu cha upana wa milimita 20, kioo cha 1500R kinaachana na unyoofu kwa milimita 0.03 tu, hakuna jicho litakaloona. Bodi nzima ya kiwango cha Eurocard, milimita 160 kwa 100, ni tofauti: ukiilaza upande wake mrefu, itagusa kioo kwa ncha zake na kuacha uwazi wa milimita 2 katikati, na usiibonyeze. Tatizo la msingi ni pikseli. Kwenye inchi 34 ya 3440×1440, pikseli moja ni milimita 0.23. Miguu iliyoachana kwa milimita 0.5 inapata pikseli mbili tu kwa kila mguu pamoja na nafasi yake. Hakuna kipimo hapo.

Chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wa moja kwa moja. Weka ndani yake ule mraba wa milimita 100, na karatasi ikitoka tu, pima pande zote mbili kwa rula ya chuma. Ukipata 97, printa imebana picha ienee kwenye ukurasa. Zima mpangilio huo uchapishe tena. Ukipata 100 kwa 100, bandika karatasi kwenye kipande cha boksi, toboa matundu kwa sindano, na ingiza konekta zenyewe kabla faili halijaondoka.